Prado, Land Cruiser hadtopu au Defender 110: gari lipi linabeba mpango wa miaka mitano?

Njiro_Kusini (mwanzisha mada)

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Kwa miaka sita nimekuwa nikiendesha Prado ya mwaka 1998 yenye injini ya 1KZ-TE, nayo imenifikisha Engaruka, Ketumbeine na mara mbili Ngaresero bila kuniaibisha. Sasa nimejiwekea lengo la muda mrefu. Ndani ya miaka mitano nataka niwe na gari ambalo mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tutapakia hapa Arusha, tupite Ziwa Natron na kupanda Loliondo, au tushuke hadi Ruaha na Katavi, na tukae porini siku kumi bila kumwomba mtu maji, mafuta wala kamba ya kuvutia. Fedha itatoka kidogo kidogo kila mwezi, kwa hiyo kosa la mwaka wa kwanza nitalilipia mpaka mwaka wa tano.

Njia ziko tatu: kubaki na Prado na kuijenga, kuiuza na kununua Land Cruiser hadtopu ya HZJ78, ile inayoitwa mkonga, ambayo mwenye nayo anasema ilikuwa ya utalii, au kuchukua Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi iliyoko Moshi. Orodha ya vifaa nimeshaiandika: winchi (mashine ya mbele ya kuvutia gari kwa kamba), hema la juu ya paa, friji, matairi ya inchi 33, na mkonga wa kupitishia hewa kwa ajili ya mito. Naomba ulinganisho wa watu waliokaa nayo magari haya, na mniambie fedha ianzie wapi. Jibu la “inategemea mfuko wako” ninalo tayari.

Fundi_wa_Sakina

Mwanangu, wewe umeanza na orodha ya vifaa, mimi ningeanza na mzani. Maji lita 60 ni kilo 60. Dizeli lita 180, yaani matanki mawili ya lita 90 kama yanavyokuwa kwenye hadtopu nyingi, ni kilo 150 hivi. Bampa ya chuma pamoja na winchi yake haipungui kilo 100. Weka hema kilo 60, tairi la pili la akiba na rimu yake kilo 35, nyinyi wanne kilo 230, kisha chakula, jeki, spana na spea kilo 100. Umeshafika kilo 735 kabla mama watoto hajapakia sufuria hata moja.

Uzito huo Prado itaubeba kwa manung'uniko. Koili zake za nyuma zitalala, na mbele, ambako kila gurudumu lina mikono yake na boljointi zake, utakuwa mgeni wa kudumu kwa wauza spea. Isitoshe, 1KZ-TE haisamehe joto. Ikichemka mara moja kwa uzembe, silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, hupasuka, na hedi iliyopasuka ukiwa Ngaresero ni habari nyingine kabisa.

Hadtopu ina ekseli nzima mbele na nyuma, na springi za nyuma ni za vyuma vilivyopangwa tabaka kama za lori. Injini yake ya 1HZ ina silinda sita, cc 4,164, haina turbo (feni ya kuisukumia injini hewa) wala kompyuta, na gereji ya Arusha ambayo haijawahi kuifungua hata moja utaitafuta sana. Kwa mzigo wako ningeichagua hiyo.

Lakini neno “ilikuwa ya utalii” limenishtua. Magari mengi ya utalii ya mji huu yamerefushwa: chasisi imekatwa katikati, ikaongezwa kipande, ikachomelewa, na paa likafanywa la kunyanyuka. Yakifanywa na mtu anayejua kazi yake hudumu miaka mingi. Hata hivyo gari lililorefushwa hugusa tumbo kwenye vilele ambavyo la kawaida linavuka, na mshono uliochomelewa vibaya huanza kupasuka taratibu, kwa ndani, mahali ambapo rangi nzito nyeusi imeficha kila kitu. Usitoe hata shilingi ya kishika nafasi kabla hujalala chini yake kwa saa nzima.

Landrova_Kibosho

Shikamoo fundi. Naheshimu hesabu yako ya kilo, lakini naona Defender imepitwa kimyakimya kana kwamba haikutajwa.

Ninayo 110 ya 300Tdi kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Ina ekseli nzima kama hadtopu, lakini imekaa juu ya koili pande zote nne, kwa hiyo magurudumu hushuka kufuata shimo badala ya kuning'inia hewani. Inavuta kwa magurudumu yote wakati wote, na difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, unaifunga kwa kusukuma kigingi, jambo ambalo mtu hulithamini siku mvua inapoikuta changarawe. Kwenye karatasi 1HZ ina nguvu zaidi, farasi takriban 129 dhidi ya 111. Lakini 300Tdi ina turbo, na injini isiyo na turbo kama 1HZ hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na ukingo wa Ngorongoro uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Pale juu tofauti hiyo inakuwa imeyeyuka, na mimi nimetumia lita 11 kwa kilomita 100 wakati jirani yangu mwenye hadtopu hashuki chini ya 14.

Aibu zake sizifichi. Bodi ni ya aluminiamu, lakini chasisi ni chuma, na kutu huila kwa ndani. Mkanda wa taimingi lazima ubadilishwe kwa wakati, kwani ukikatika njiani injini haiendi popote. Kuhusu oili, uani kwa mama yangu kuna doa lenye umbo la Ziwa Jipe, na ndilo linalomjulisha kwamba nilipita akiwa shambani.

Dereva_Karatu

Mnalinganisha injini, na mimi nimezoea kuona magari yakirudi na injini nzima juu ya mgongo wa lori. Kinachovunjika huku ni kile kilicho kati ya chasisi na tairi.

Mwaka juzi nilikuwa na hadtopu ya mwajiri wangu wa zamani kwenye njia ya Mto wa Mbu kwenda Ngaresero, kiangazi, mzigo umejaa, na juu ya paa kulikuwa na matairi mawili na madumu manne ya mafuta. Baada ya Engaruka barabara inakuwa na vijituta vilivyopangana kama bati la nyumba, nami nilikuwa nakimbilia kufika mchana. Gari likaanza kuyumba nyuma kama mtumbwi. Niliposhuka, shokapu ya kulia ilikuwa imelowa oili na imevaa vumbi kama unga wa muhogo. Nilipoigusa kwa kitambaa chenye maji, maji yalichemka papo hapo. Ilikuwa mpya, ya bei rahisi, haijamaliza hata miezi miwili. Kilomita chache mbele, kishikio chake cha juu kilikatika, tukakifunga kwa mpira wa tyubu na kutembea mwendo wa punda hadi jioni.

Siku hizi kabla ya kuingia njia ile napunguza upepo wa matairi hadi psi 26 mbele na 28 nyuma, sizidi kilomita 50 kwa saa, na juu ya paa sipandishi kitu kizito. Ndugu Njiro, fedha yako ya kwanza iende kwenye shokapu nzuri, bushi na matairi, liwe gari lolote utakalolichagua. Na hilo hema la juu ya paa lifikirie mara mbili.

Njiro_Kusini

Nawashukuru sana. Mzee wangu wa Sakina, shikamoo. Nilidhani matairi ya inchi 33 ndiyo njia rahisi ya kuinua gari. Je, nayo niyaondoe?

Fundi_wa_Sakina

Marahaba. Piga hesabu mwenyewe. Tairi la 265/75R16 lina kipenyo cha milimita 804, na la 285/75R16, hilo mnaloliita la inchi 33, lina milimita 834. Tofauti ni 30, na inayoingia chini ya difu ni nusu yake tu, milimita 15, unene wa kidole chako kidogo. Kwa hizo 15 utabeba tairi zito zaidi, gia zote zitakuwa ndefu, breki zitafanya kazi zaidi, na geji ya mwendo itakapokuonyesha 80 utakuwa unakwenda 83. Kwa 1HZ ambayo tayari inahema mlimani, sioni faida.

Hadtopu ya kazi huvaa 7.50R16 yenye tyubu, nyembamba na ndefu. Haina urembo, lakini rimu zile za vipande hufunguliwa kwa taruma mbili na nyundo chini ya mgunga, na kiraka cha tyubu hakikosekani hata kijiji chenye duka moja.

Mama_Wawili_Tengeru

Naomba niingie kama mtu aliyebaki na Prado kwa makusudi. Kaka Njiro, hesabu siku. Safari kubwa kama hizo utafanya ngapi kwa mwaka? Mimi hufanya tatu. Siku nyingine zote gari langu linakwenda Usa River kupeleka watoto shule na kurudi na mifuko ya pumba za kuku. Hadtopu ya kawaida ina mabenchi ya pembeni nyuma. Wanangu walikaa humo mara moja kutoka Boma Ng'ombe hadi Londorossi, na sitaki kueleza nilichosafisha jioni ile.

Joto la 1KZ-TE nililishughulikia kabla sijanunua kingine chochote: rejeta mpya, feni yake, mipira yote, kulanti badala ya maji ya bomba, na geji ya joto iliyofungwa kwenye hedi yenyewe yenye kengele, maana ile ya kwenye dashibodi huchelewa kusema. Mwaka wa nne huu sijachemsha.

Kisha nikajiwekea utaratibu ambao haumo kwenye orodha yako. Kuna vitu vinavyohama na vitu visivyohama. Friji, betri ya pili ndani ya sanduku lake, tanki la maji, hema la chini, pampu ya upepo, vibao vya kunasulia gari kwenye tope na vifaa vya fundi vyote vitaingia gari lingine siku nikibadilisha. Bampa, mkonga na koili za kunyanyulia vitabaki na Prado, na atakayeinunua hatanilipa hata robo ya gharama. Kwa hiyo vinavyohama nimenunua vizuri, na visivyohama nimenunua vile tu ambavyo bila hivyo gari lisingefika.

Landrova_Kibosho

Dada wa Tengeru amesema jambo ambalo lingeniokolea fedha nyingi. Naongeza moja kuhusu winchi: inahitaji mti. Ukizama kwenye tope la pembezoni mwa Natron, mti wa karibu unaweza kuwa umbali wa kwenda kwa pikipiki, na itakubidi uzike tairi la akiba ardhini ili uvutie. Koleo refu, vibao na gari la pili la mwenzako vimenitoa mara nyingi kuliko winchi yangu, ambayo kwa sasa kazi yake kubwa ni kulaza pua ya gari.

Njiro_Kusini

Ninarejesha majibu. Jumamosi nilikwenda kuiona ile hadtopu pamoja na mzee wa Sakina. Mwenye gari alisisitiza kwamba halikurefushwa. Mzee hakubishana naye. Aliingia chini, akakwangua tope nyuma ya mlango wa dereva kwa bisibisi, kisha akaniita. Chini ya rangi nyeusi kulikuwa na mishono miwili, na mmoja ulikuwa na ufa ambao ukucha wangu uliingia. Tuliaga kwa heshima.

Nimeamua mwaka huu na ujao nibaki na Prado. Fedha ya kwanza itakwenda kwenye mfumo wa kupoza injini kwa mpangilio wa dada wa Tengeru, ya pili kwenye shokapu na bushi, na baada ya hapo nitanunua vinavyohama tu. Winchi na matairi ya inchi 33 nimevifuta. Hadtopu nitaendelea kuitafuta bila haraka, isiyokatwa, kwa sababu hesabu ya zile kilo 735 bado sijaikimbia. Defender ya Moshi ni nzuri, ila sina fundi wake hapa Njiro, na kumfuata Moshi kila mkanda unapodai zamu yake naona si mpango.

Fundi_wa_Sakina

Kuna nyingine nimeisikia Usa River, ilikuwa ya shamba, mabenchi yake yapo. Ukiwa na nafasi Jumapili baada ya ibada, njoo na tochi na brashi ya waya. Bisibisi ninayo.