Mpelelezi wa kodi amegeuzwa askari, na filamu imekatwa vipande

Ndugu wanajamvi, nimelipa ada ya mwezi mzima kwa huduma moja ya filamu mtandaoni, ambayo sitaitaja, ili niitazame upya Marusa no onna, filamu ya Kijapani ya mwaka 1987 iliyoongozwa na Juzo Itami. Nilichopewa kimenikera kupita kiasi.

Picha ya tangazo inaonyesha kivuli cha mwanamke aliyeshika bastola, na maelezo yaliyo chini yake yanamwita "askari shupavu anayewinda majambazi". Ryoko Itakura, mhusika aliyeigizwa na Nobuko Miyamoto, si askari. Anaanza kama mkaguzi wa ofisi ya kodi, kisha anapandishwa hadi kitengo kinachopeleleza wakwepaji wakubwa, ambacho Wajapani hukiita Marusa kwa sababu alama yake ni herufi "sa" iliyozungushiwa duara. Silaha yake ni daftari la hesabu, macho makali na subira, na hayo ndiyo yanayomtia hofu Gondo, tajiri mwenye hoteli za wapenzi, anayeigizwa na Tsutomu Yamazaki.

Filamu hii ina dakika 127, lakini niliyoonyeshwa mimi ilikwisha kabla ya dakika 100. Nililinganisha na kumbukumbu yangu nikagundua kwamba kilichokatwa ni sehemu kubwa ya mwanzo, ambapo Itakura anawabana wenye duka dogo la vyakula wanaokula bidhaa zao wenyewe bila kuziandika kwenye hesabu. Bila shaka aliyekata aliona hapo hakuna msisimko. Ila pasipo tukio hilo, mtazamaji hawezi kujua kwamba mwanamke huyu hamwachii mtu hata senti, awe mnyonge au mwenye nguvu, wala hawezi kupata lile swali linalomsumbua mtu baadaye, kwamba je, ni haki kumkaba muuza mboga kwa ukali uleule anaokabwa nao Gondo?

Tafsiri ya maandishi nayo ni balaa. Kila palipotajwa kosa la Gondo wameandika "kuepuka kodi". Anayepanga mambo yake ndani ya sheria ili alipe kidogo ndiye anayeepuka. Anayeficha mapato, anayeandika hesabu za uongo na kuweka fedha kwa majina ya watu wengine anakwepa, na huko kukwepa ndiko kunakomfikisha mtu mahakamani. Kwa neno hilo moja lililokosewa, Gondo anaonekana mfanyabiashara mwerevu anayeonewa, na upekuzi wote wa nyumba, makabati na mapipa ya taka unakosa sababu. (Mtafsiri huyohuyo aliandika "risasi" mahali panapotakiwa "risiti", mara 2, nami nikacheka kwa uchungu.)

Hii si filamu ya kuokotwa jalalani. Ilitwaa tuzo ya filamu bora ya Akademia ya Japani, pamoja na zile za mwongozaji na waigizaji wakuu wote wawili.

Nimewaandikia wenye huduma hiyo nikidai nakala kamili au nirudishiwe fedha zangu. Jibu lililokuja halikugusa lolote kati ya hayo, bali lilinipendekezea filamu nyingine 3, zote za wanawake wenye bastola.