Ushauri: PCM, daraja la pili pointi 11, anataka uhandisi Mlimani. Atatoboa?

Mkaa Kimya: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, kombi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, kapata daraja la pili pointi 11. Tangu mdogo anafungua redio za watu na kuzirudishia, skrubu mbili zinabaki mkononi na redio inaongea. Anataka uhandisi wa mitambo UDSM, chuo kikuu pale Mlimani. Ana nafasi au tunajidanganya? Usingizi sina. Matusi pelekeni jukwaa lingine.

Nyundo Kubwa: 11 siyo mbaya. Swali ni uhandisi wa nini? Mimi nina digrii ya mitambo, nauza beringi Kariakoo, bosi wangu kaishia darasa la saba.

Mwalimu wa Zamu: Pointi peke yake hazisemi kitu. Taja alama somo kwa somo.

Mkaa Kimya: Kafaulu vizuri tu mkuu. Kemia ana B kabisa.

Mwalimu wa Zamu: Kemia sijauliza.

Mama Mwanahawa: Simu zinawamaliza hawa watoto. Wangu nilimnyang'anya tangu kidato cha tano, akanuna mpaka mtihani, leo yuko mwaka wa tatu famasia. Wazazi tuache kuogopa kununiwa.

Nyundo Kubwa: Hesabu je? Mbona unaizunguka kama mbwa wa jirani?

Mkaa Kimya: Fizikia C, hesabu S. Haya, mmefurahi? Lakini S siyo F. Na ile pepa ya pili ilikuwa ya moto, tuliishiwa muda. Maombi nimeshajaza, mitambo, umeme na ujenzi, zote UDSM, na ada ya maombi nimelipa, kwa hiyo msiniambie nibadilishe. Kuna mtu kaniambia awamu ya pili wanalegeza.

Mwalimu wa Zamu: Huyo mtu kakudanganya. Awamu zinazofuata ni za kujaza nafasi zilizobaki, vigezo ni vilevile. Kwa TCU, wasimamizi wa vyuo vikuu, pointi siyo zile za daraja: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S ni nusu. B na C zinakupa 7, kiwango cha chini cha 4 umekivuka, kozi za sayansi zipo tele. Ila uhandisi pale wanataka fizikia na hesabu, zote mbili, kuanzia E kwenda juu. Angekuwa na E ya hesabu tungekuwa tunabishana kuhusu ushindani. Kwa S hata mlangoni hafiki. Arudie hesabu Mei ijayo kama mtahiniwa wa kujitegemea, au aende stashahada chuo cha ufundi, DIT ya Dar au Arusha Tech, akitoka na GPA kuanzia 3.0 ndiyo aombe digrii.

Fundi Mkongwe: Stashahada msiidharau. Mimi nilipita DIT ikiwa bado Dar Tech, kabla ya 1997. Unapewa kipande cha chuma na tupa, unasugua wiki nzima kiwe mraba. Mkufunzi anaweka kipimo cha pembe, anakiinua dirishani, mwanga ukipenya unaanza upya. Nilipofika Mlimani, wenzangu waliotoka sita moja kwa moja walikuwa wanaogopa hata kuwasha mashine ya kukereza. Ila hesabu ziliniadhibu, mwaka wa kwanza nilikula supu, nikarudia mtihani.

Mpima Maji: Subirini kwanza. "TULIishiwa muda"? Wewe na mdogo wako mlikaa dawati moja?

Nyundo Kubwa: 😂😂 Na "nimeshajaza", "nimelipa". Hii chai. Leteni vikombe.

Mama Mwanahawa: Mwanangu, kama ni wewe sema tu. Hakuna atakayekuchapa humu.

Mkaa Kimya: Sijasema ni mimi. Baba anajua daraja la pili, hajauliza masomo, na ameshawatangazia wazee msikitini. Sasa mtu anaanzaje kumwambia stashahada?

Mpima Maji: Baba wa nani?

Mkaa Kimya: Wetu sote. Mwalimu, nisaidie kitu kimoja, huko Arusha Tech wanaangalia cheti cha nne au cha sita?

Mwalimu wa Zamu: Wanaanza na cha nne. Hesabu ya kidato cha nne ulipata ngapi?

Mkaa Kimya: Alipata B.