Sonata ya Kreutzer irudishiwe jina la Bridgetower?

Nahodha wa Gati: Mei 1803, Vienna: mtunzi Beethoven kwenye piano, George Bridgetower kwenye fidla, sonata yake Beethoven namba 9 ya fidla na piano, hii iitwayo Kreutzer, inasikika kwa mara ya kwanza. Bridgetower alizaliwa Poland, baba yake mweusi. Sehemu ya pili aliisoma akichungulia begani kwa Beethoven kwa sababu nota zake zilikuwa hazijanakiliwa! Baadaye wakakosana, sonata akatunukiwa Kreutzer, mpiga fidla Mfaransa ambaye hakuwahi kuipiga hadharani. Nasema jina lirudi kwa mwenyewe. Mnasemaje?

Mkaidi: Waligombea mwanamke. Ubaguzi uko wapi hapo? Mtunzi humtunuku amtakaye. Na tuache kujipendekeza, fidla si chombo chetu.

Bibi wa Malindi: Fidla si chombo chetu? Umekulia wapi wewe? Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa wa Unguja kipo tangu 1905. Itoe fidla kwenye taarab asilia tuone utabaki na nini.

Mkaidi: Taarab imetoka Misri, dada. Umenisaidia hoja.

Bibi wa Malindi: Na fidla ya Vienna je, si imetoka Italia? Mbona hao huwaambii waiache? Halafu dada ni wa kwenu, mimi nina wajukuu.

Kipanga: 😂😂 Mkaidi, omba radhi mapema.

Mwalimu wa Kwaya: Habari ya mwanamke kweli aliisimulia Bridgetower mwenyewe uzeeni, hapo sibishi. Ila mtazameni Saint-Georges, mpiga fidla na mtunzi wa Ufaransa, mzaliwa wa kisiwa cha Guadeloupe, mama yake mtumwa. Mwaka 1776 alipotajwa kuongoza Opera ya Paris, wasanii wa kike walimwandikia malkia kwamba hawawezi kuamrishwa na chotara. Akakosa. Leo wanamwita "Mozart Mweusi", na alimtangulia Mozart kuzaliwa kwa miaka 11!

Kipanga: Basi Mozart ndiye Saint-Georges Mweupe.

Mkaidi: Chotara si mweusi. Mnawahesabu mkiwahitaji tu.

Mwalimu wa Kwaya: Kawaambie wale waliomnyima kazi. Wao hesabu yao haikuwapa shida.

Mkaidi: Mwalimu, usinipandishie sauti.

Nahodha wa Gati: Jamani, jina la sonata?

Bibi wa Malindi: Subiri Nahodha. Huyu hajanijibu kuhusu fidla, na bado sijamgusia ganuni ya taarab, ile ya nyuzi nyingi.