Kama mshindi wa mieleka anajulikana kabla, watu wanalilia nini?

Subira_N
Wakuu, naombeni mnieleweshe. Mdogo wangu anaangalia mieleka ya WWE tangu akiwa darasa la tatu. Juzi nimemkuta anafuta machozi kwa pambano la zamani, na mwenyewe ananiambia mshindi alipangwa kabla hawajapanda ulingoni. Sasa kinachomliza ni nini? Nataka niketi naye nikijua ninachoangalia.

Kamba_ya_Tatu
Dada Subira, achana kwanza na nani kashinda. Muulize mdogo wako nani anamdai nani. Mieleka ni madeni, na ngumi ni namna ya kulipana.

Chukua mwanamieleka Sami Zayn. Mwaka 2022 alijipachika kwenye kundi la bingwa Roman Reigns, Bloodline. Wale ni ndugu wa damu kweli, yeye si wa ukoo wao. Miezi na miezi anawachekesha, anawabebea mapigo, anatafuta kukubalika tu. Jey Uso, mmoja wa kundi hilo, hakutaka hata kumwona. Ikafika Novemba, onyesho la Survivor Series: Sami akamgeuka Kevin Owens, rafiki yake wa miaka mingi, ili kundi lishinde. Jey akamkumbatia. Nilifurahi huku moyo unaniuma, maana nilijua kumbatio lile limenunuliwa kwa bei gani.

Halafu 28 Januari 2023, onyesho la Royal Rumble, San Antonio, Marekani. Owens kapigwa na Reigns, kafungwa pingu kwenye kamba. Reigns anampa Sami kiti cha chuma: mmalize. Sami anakishika, anamtazama Owens, anamtazama Reigns. Muda unapita, hakuna anayempiga mtu, na kwangu mimi hizo ndizo dakika kali kuliko zote nilizowahi kuona ulingoni. Nilijikuta nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Kiti kikatua mgongoni kwa Reigns. Uwanja ukalipuka. Wenzake wakamvamia Sami, lakini macho yangu yalikuwa kwa Jey: hakumgusa. Alishuka akaondoka zake peke yake.

Mwezi uliofuata Sami akagombea mkanda wa ubingwa wa Reigns huko Montreal, Kanada, nyumbani kwao, akapigwa. Nilikaa na hasira siku tatu. Deni lake na Owens likalipwa Aprili, WrestleMania 39, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, wawili hao walipowavua Jey na pacha wake Jimmy mikanda ya ubingwa wa timu za watu wawili. Tazama vipande hivyo kwa mpangilio huo, usianzie mwisho.

Refa_Mkongwe
Nakubali, ila usimfanye dada adhani hadithi iko kwenye maneno tu. Mpe WrestleMania 13, 23 Machi 1997. Bret Hart aliingia akipendwa, Steve Austin akizomewa. Austin kabanwa miguu, damu inamtiririka usoni, na hagongi mkeka kusalimu amri. Alizimia akiwa amebanwa vilevile. Kwa kanuni kashindwa. Bret hakutosheka, akaendelea kumshambulia mtu ambaye tayari kaisha, mpaka mwamuzi Ken Shamrock akamwondoa kwa nguvu. Austin akakataa kusaidiwa, akatoka kwa miguu yake huku watu wanaliimba jina lake. Aliyeingia mwema katoka mbaya, aliyeingia mbaya katoka shujaa, na hakuna aliyeshika maikrofoni kuwaeleza watazamaji wamshangilie nani. Miili ndiyo iliyosimulia. Asiyejua kazi ulingoni hawezi kukupa hicho.

Subira_N
Asanteni sana. Nimemuuliza. Lilikuwa pambano la Randy Savage na Ultimate Warrior, WrestleMania ya 1991, aliyeshindwa anastaafu. Savage alishindwa. Mdogo wangu anasema hapo hakulia. Alilia pale Sherri, aliyekuwa upande wa Savage, alipoanza kumpiga mateke akiwa chini hoi, na Elizabeth, mwenzi wa Savage waliyekuwa wameachana, akatoka kwa watazamaji mbio kumtetea. Wakakumbatiana. Wakati wa kushuka, Savage akamfungulia Elizabeth kamba apite, wakati miaka yote Elizabeth ndiye aliyekuwa anamfungulia yeye.

Tumeliangalia mara mbili. Mara ya pili nimeona na watu jukwaani wanalia. Kesho tunaanza na Sami, kwa mpangilio.