Tupeane uzoefu: Ulifundishwa kwamba wasio wa dini yako hawataokoka. Bado unaamini hivyo?

Mjukuu wa Kondoa (mwenye mada)

Wakuu, salaam.

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, wa Kondoa. Wanaoijua Kondoa wanajua kwamba huko nyumba moja inaweza kuwa na Juma na Yosefu, na wote ni watoto wa tumbo moja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Muislamu, babu Mkristo. Bibi ndiye aliyekuwa ananiamsha Jumapili niwahi misa, halafu anarudi kwenye mkeka wake.

Mwaka 1984 nikaingia mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katekista wetu alikuwa mkali, na alitufundisha mambo mawili. La kwanza, asiyebatizwa anakwenda motoni. La pili, mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kumbatiza: maji yapite kichwani, utaje Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Sasa mtoto wa miaka kumi ukampa habari hizo mbili kwa wiki moja, unategemea nini?

Usiku nikachota maji kwenye mtungi, nikaenda kitandani kwa bibi, nikambatiza. Nikamwita Maria. Aligeuka upande wa pili, akasema paa linavuja, akaendelea kukoroma. Mimi nikalala usingizi mzito kuliko siku zote.

Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini nilipomsimulia padre mmoja. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia kwanza ubatizo ule si halali, mtu mzima habatizwi bila ridhaa yake. Pili akanionyesha Lumen Gentium, hati ya mwaka 1964 ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, namba 16: asiyeijua Injili bila kosa lake mwenyewe, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, naye anaweza kuupata wokovu. Waislamu wametajwa humo kwa jina, kwamba pamoja nasi wanamwabudu Mungu mmoja. Kardinali wetu Laurean Rugambwa alishiriki mtaguso ule. Yaani hati ilikuwa na miaka 20 wakati mimi natembea gizani na kikombe cha maji! Ilitoka Roma, ila haikufika kwenye mwembe tuliokuwa tunasomea.

Nyie ilikuwaje? Nani alikubadilisha, au umebaki palepale? Matusi ya dini hapana tafadhali.

Mwana wa Kagera

Mkuu umenichekesha na umenikumbusha mzee wangu. Sisi ni Walutheri, na baba alikuwa mlokole wa ule Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka mpaka kuja kwetu. Kwa baba, kuokoka hakukuwa suala la dhehebu. Hata mzee wa usharika wake, akimwona na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, basi huyo hajaokoka. Wakatoliki ndio kabisa. Mjomba wangu Mkatoliki alikuwa akija, baba anampa kiti, anampa kahawa, anampa ushuhuda. Kila mara ushuhuda uleule.

Uzeeni macho yakaisha. Watoto wote tuko mijini, na aliyekuwa akimsomea Biblia kila jioni ni mjomba huyohuyo. Mwaka 1999 Walutheri na Wakatoliki walisaini tamko la pamoja Augsburg kwamba mtu anahesabiwa haki kwa neema, si kwa matendo yake. Nilipomweleza baba, hakushtuka. Nikamchokoza: kwa hiyo mjomba ameokoka? Akajibu, "Muulize Yesu, mimi nimestaafu."

Abuu

Mimi Muislamu, napita tu. Bibi Maria kanimaliza 😂

Ngome Imara

Nitakuwa tofauti na wenzangu, mnivumilie. Mimi sijabadilika. Yohana 14:6 iko palepale, kwamba hakuna afikaye kwa Baba ila kwa Yesu, na Matendo 4:12 pia. Naona watu wanachanganya mambo mawili. Kuvumiliana ni kuishi pamoja bila kudhuriana. Kusema njia zote ni sawa ni kitu kingine.

Jirani yangu ni Muislamu safi. Ananiambia usoni kwamba nisiposilimu nimepotea, nami namwambia asipompokea Yesu amepotea. Tukimaliza tunakunywa chai. Nikisafiri, funguo za nyumba yangu anabaki nazo yeye, si wa kanisani kwangu. Namhubiria kwa sababu nampenda. Ningekuwa simjali ningenyamaza.

Na niseme jambo: tuliokuwa Kanda ya Ziwa mwaka 2013 tunakumbuka ule ugomvi wa Waislamu na Wakristo wa nani achinje nyama ya kuuzwa, mpaka mchungaji akauawa. Sijui kama wale walikuwa wanagombea wokovu. Naona waligombea kisu.

Mjukuu wa Kondoa

@Ngome Imara nakuelewa kabisa, na hoja ya funguo sina jibu lake. Ila mimi mwenzio sina mlango wa kutokea, nililala chumba kimoja na huyo "aliyepotea".

Mama Wawili

Yangu haichekeshi. Mwaka 1989 nilijifungua mtoto wa kwanza, akaishi saa moja hivi. Hakuna aliyekumbuka kumbatiza. Tuliambiwa hawezi kuombewa kama wengine, yuko limbo, haumii ila hamwoni Mungu. Walimzika wanawake, jioni, bila hata baba yake. Nikabeba hivyo.

Mwaka 2007 padre akatangaza kanisani kwamba tume ya wanateolojia ya Vatikano imetoa hati: lipo tumaini kwamba watoto wale wanaokolewa, na hiyo limbo haikuwahi kuwa fundisho rasmi la imani, yalikuwa maoni tu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje. Miaka 18 mnaniambia mwanangu hamwoni Mungu, leo mnasema yalikuwa maoni?

Sijaacha kanisa. Lakini mtu akianza kunipangia nani yuko wapi huko ng'ambo, naondoka naenda kuosha vyombo. Na jina nilimpa, mwenyewe, siku ileile.

Mwana wa Kagera

Pole sana mama.

Abuu

Pole mama. Mwenye mada, swali: bibi alikuja kujua?

Mjukuu wa Kondoa

Mama Wawili, pole. Nimesoma mara mbili.

@Abuu, bibi alifariki 2011, tukamzika Kiislamu, na padre yule alikuja, akakaa kwenye mkeka na mashehe mpaka mwisho. Kama wiki mbili kabla, nilikuwa namnywesha uji, kijiko kikatetereka, ukamwagika kidogo kwenye paji. Akanitazama, akasema, "Unanibatiza tena?"

Kumbe hakuwa amelala. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote. Akasema, "Ulikuwa huli, hulali. Nikaona maji ni maji, acha mtoto alale."

Halafu akaomba nimfute, uji unaingia jichoni.