Tupeane uzoefu: mimea inayotambaa kama kinga ya magugu bustanini

Bustani yangu hapa Morogoro ilikuwa imetekwa na ndago, na kwa misimu miwili nilipalilia kila wiki bila kuelewa kwamba jembe lilikuwa likikata minyororo ya vitunguu vyake (vile viazi vidogo vya mizizini) na kuvisambaza ardhini, kila kimoja kikachipua upya. Hatimaye nilitifua, nikaokota vitunguu nilivyoviona, kisha nikapanda marando ya viazi vitamu kwa nafasi ya sentimita 30. Nilipalilia mara mbili tu kabla majani hayajakutana. Baada ya hapo ndago, isiyopenda kivuli, ikadhoofika na kugeuka manjano. Haikwisha, kwani wakati wa kuvuna viazi nilivikuta vitunguu vingine vikiwa hai, lakini matembele tumekula na mgongo umepumzika. Je, wenzangu mmepanda nini, na kimewagharimu nini?

Mchangiaji wa Siaya:
Kwetu adui ni gugu la kiduha, tunachokiita kayongo, ambacho huanza kuyanyonya mahindi mizizini kabla hakijachomoza, kwa hiyo ukiliona ua lake umekwisha kuchelewa. Nilipanda desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za nepia pembezoni, mtindo uliotokana na utafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita kando ya Ziwa Victoria. Desmodiamu haifuniki udongo tu: mizizi yake hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kayongo na kuuzuia mche wake usishike mzizi wa mahindi, nao hufa kwa njaa. Nawaonya wenye haraka, kwa sababu msimu wa kwanza huota polepole mno, nami nilipalilia kwa mkono nikihofia kuing'oa yenyewe. Ng'ombe wanaipenda, jambo ambalo kwangu lina uzito kama mahindi.

Mchangiaji wa Muheza:
Mimi nilipanda mukuna, mmea utambaao wa jamii ya kunde, chini ya michungwa michanga. Magugu yalitoweka kweli, ila mukuna ikaipanda miti na kuibana, nikashinda siku mbili nikiinasua kwa kisu. Siku hizi huacha duara la mita moja kuzunguka kila mti.

Mwanzisha mada:
Ndugu wa Siaya, mbegu za desmodiamu ni ndogo mno, ulizimwagaje?

Mchangiaji wa Siaya:
Nilizichanganya na mchanga mkavu, nikazitiririsha kwenye mfereji wa kina cha sentimita moja hivi, kisha nikazifukia kwa udongo mwepesi mvua zilipoanza.