Wauza saa Mwanza, mkanda wa mpira haufanyi saa iwe ya spoti!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha. Duka moja hapa mjini limeniuzia saa ya Uswisi kwa mamilioni ya shilingi, muuzaji akiapa kwamba ni "saa ya kifahari ya spoti". Nilimweleza shughuli zangu zote: niko Mwaloni Kirumba kwenye dagaa, nakwenda Ukerewe kwa boti, mikono inaingia majini kila siku. Akasema hii ndiyo yenyewe. Sasa kioo kimejaa ukungu kwa ndani na mshale wa sekunde umegoma. Nimeirudisha, naambiwa waranti haihusu maji, na kwamba spoti ni muonekano tu.

Muonekano! Igeuze hiyo saa usome mgongoni: mita 30. Kinobu cha kurekebishia majira kinavutwa tu, hakina nyuzi za kukikazia kama skrubu. Gizani mishale huioni. Spoti yake yote ni mkanda wa mpira na visaa vitatu vidogo usoni. Na msidanganywe, mita 30 si ruhusa ya kuzama mita 30. Hicho ni kipimo cha shinikizo, saa ikiwa mpya na maji yametulia. Kwa matumizi ya kila siku maana yake ni manyunyu ya mvua na kunawa mikono. Anayetaka kuogelea atafute 100. Ziwa letu lote, hata penye kina kirefu kabisa, ni kama mita 80 tu, lakini saa hii imekufa kwenye maji ya magotini.

Kilichonikera zaidi ni utetezi wa muuzaji. Eti hata Royal Oak, saa ya kampuni ya Uswisi ya Audemars Piguet, ni mita 50, na dunia nzima inaiita spoti. Huyu mtu anauza saa na hajui anachokitaja. Mbunifu wa saa Gérald Genta aliichora Royal Oak, ikatoka mwaka 1972 ikiwa ya chuma cha pua, wakati saa za hadhi ile zilitarajiwa kuwa za dhahabu. Skrubu nane zinabana ringi ya juu, mpira wa kuzuia maji na bodi pamoja. Mkanda wake wa chuma umechongwa kuungana na bodi moja kwa moja. Ni saa ya gharama iliyojengwa ivaliwe kila siku. Mita 50 zake zinatajwa wazi, hazifichwi nyuma ya mkanda wa mpira.

Saa ya Speedmaster ya Omega nayo si ya kuzamia. Lakini NASA, shirika la anga la Marekani, waliitesa kwa joto, baridi na mitikisiko kabla ya kuikubali mwaka 1965, na mwaka 1969 ikafika mwezini. Submariner ya Rolex ilitoka 1953 kwa ajili ya wapiga mbizi. GMT-Master ikafuata 1955 kwa marubani wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani la enzi hizo. Kila moja ina kazi iliyoizaa, na bodi yake imeundwa kuihimili kazi hiyo. Wapo watakaosema Submariner siku hizi inavaliwa na suti. Sawa, ila ukiivua suti ukaruka ziwani, mita 300 zake bado zipo. Yangu mimi ilizaliwa kwa kazi gani? Nimemuuliza muuzaji hivyohivyo, akabaki kusifia rangi.

Nataka duka litengeneze saa kwa gharama yao au wanirudishie hela, na nitakwenda tena na risiti. Mafundi mliomo humu: nani Mwanza ana mashine ya kupima shinikizo la maji na mipira halisi ya kuzuia maji, ya kubadilishia? Saa ifunguliwe haraka kabla kutu haijaingia kwenye mashine yake ya ndani. Nijibuni hapahapa, na mseme mko mtaa gani.